Lupango kwanza ao motokari kwanza? Hesabu inayosumbua vijana wa Kikula

Kijana wa Kikula anapata kontra ya miezi 6 katika kampuni ndogo inayotumikia mugodi. Hata mushahara wa kwanza haujaingia, maneno yanaanza nyumbani. Mama anauliza ni lini atanunua lupango. Marafiki wanamuonyesha kwenye telefone picha ya Toyota ndogo iliyotoka Japani, eti iko Kasumbalesa inangojea mwenyewe. Na yeye anajiuliza swali ambalo wazazi wake hawakujiuliza: vitu hivyo viwili vingali na maana katika mji ambamo kazi inadumu miezi 6?

Wengine wanajibu haraka kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mtu apangishe, afuate kazi kule inakoenda, leo Likasi, kesho Fungurume, kesho kutwa Kolwezi. Kwa gari, wa-manseba wako kila kona na pikipiki zao. Hesabu hiyo si ya ujinga. Lakini ukiitazama kwa macho ya historia ya Likasi, inaonekana imesahau kitu.

Mji huu ulijengwa juu ya wazo kwamba mfanyakazi hahitaji nyumba yake mwenyewe. Wakati ungali unaitwa Jadotville, Union Minière du Haut-Katanga iliwapa wafanyakazi wake nyumba za kambi. Kisha ikaja Gécamines, baada ya serikali kutwaa kampuni mwaka 1967, na desturi ikaendelea: nyumba, unga, hospitali, masomo ya watoto, vyote kutoka kwa kampuni. Panda na Shituru zilikuwa na kambi za namna hiyo. Kikula ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa cité, mahali pa wenye biashara, makarani, mafundi, watu wasiokuwa chini ya kampuni moja. Huko mtu alipaswa kutafuta lupango na kujenga. Ni dekreti ya mwaka 1953 tu, miaka 7 mbele ya uhuru, iliyomfungulia Mukongo njia ya kuwa mwenye nyumba kwa jina lake kisheria.

Kwa hiyo kwa miaka mingi mtu wa kambi ndiye aliyeonekana mwenye bahati. Kwa nini atumie feza kununua matofali, na kampuni inampa paa? Kama alibakiza kitu, alinunua kinga, redio, na aliyepanda cheo alinunua motokari.

Kisha paa likaanza kutikisika. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mugodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi karibu tani 30,000. Mishahara ikachelewa, kwanza miezi, halafu miaka. Kati ya mwaka 2003 na 2004, kwa feza za Banque mondiale, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitolewa kazini kwa mpango ulioitwa départ volontaire. Jina hilo, kutoka kwa mapenzi yako, lingali linawachoma wengi, maana mtu asiyelipwa miezi mingi hana mapenzi mengi ya kuchagua. Mwaka 2009 baadhi yao walipeleka malalamiko mpaka kwenye jopo la ukaguzi la Banque mondiale, wakisema hesabu ya malipo yao haikufanywa sawa.

Hapo ndipo swali la lupango na motokari lilijibiwa, si kwa maneno, kwa maisha. Feza zile zilikuja mara moja, mkononi. Kuna aliyelipa madeni ya masomo, kuna aliyefungua biashara, kuna aliyenunua gari akaiweka taxi, kuna aliyekimbilia lupango. Mwenye taxi alionekana mjanja mwaka wa kwanza: gari inatoka asubuhi, jioni inarudi na feza. Mwaka wa tatu gari inadai moteri. Mwaka wa tano iko juu ya mawe, nyuma ya nyumba ya kupangisha, kuku wanalala ndani. Yule wa lupango alikula bukari bila mboga, watoto wake walilala chini ya mabati bila dirisha. Leo, miaka 20 na zaidi imepita, nyumba ile ya ovyo ndiyo inayolisha familia. Chumba cha mbele ni duka, vyumba viwili vya nyuma viko na lokatere, na mjukuu anasoma kwa feza ya kodi.

Isieleweke kwamba kila mwenye lupango alishinda. Kuna sura ya historia ya mji ambayo wazee hawapendi kuifungua. Mwaka 1992, kuanzia mwezi wa 8, wakaaji wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi. Maelfu walilala kwenye gare na mashuleni wakingojea treni. Walikuwemo watu waliozaliwa hapa, wenye nyumba walizojenga kwa mikono yao. Wengine waliuza kwa bei ya kutupa, wengine waliacha ufunguo kwa jirani, wengine hawakupata hata wakati wa kufunga mlango. Nyumba haiwezi kupakiwa kwenye treni. Kwa wale, lupango haikuwa usalama hata kidogo. Na lupango iliyoachwa namna ile inabeba swali mpaka leo: nani aliuza, kwa nani, na kwa karatasi gani?

Karatasi. Hapa ndipo watu wengi wa Kikula wanajidanganya wenyewe. Mtu anasema "niko na lupango yangu" kwa sababu alilipa, anaishi ndani, na majirani wanamjua. Ukimuuliza karatasi, anatoa acte de vente iliyopigwa muhuri kwenye ofisi ya kartie, ao livret de logeur ya babu yake, imeliwa na mende. Ni vizuri kuvitunza, vinasaidia kuonyesha njia ambayo lupango ilipita. Lakini sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu yake inasimama kwa karatasi moja tu: certificat d'enregistrement, ambayo watu wanaiita sertifika. Mukongo anaweza kupewa haki isiyokuwa na mwisho, concession perpétuelle, mgeni hawezi. Na miaka 2 ikishapita tangu sertifika itolewe, ni vigumu sana mtu kuja kuipinga. Kwa sheria ile, aliyeonewa anabaki kudai malipo tu.

Hesabu basi. Wangapi katika avenu moja ya Kikula wako na sertifika? Njia ya kuipata ni ndefu, inadai feza, na kila mlango wa ofisi unafungua mlango mwingine. Mtu anaona afazali anunue mabati kuliko kulipa mpimaji wa kadastre. Anajenga, anaongeza ukuta, anapaka rangi. Siku moja anatokea mwingine na sertifika ya lupango ileile. Pale tribinali, ukuta mzuri si jibu.

Tena hata sertifika haifiki chini sana. Chini ya udongo ni mali ya Serikali vilevile. Kodi ya migodi ya mwaka 2002 iko wazi juu ya jambo hilo. Wakaaji wa Kasulo, kule Kolwezi, walijifunza hilo kwa nguvu. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba kartie yao imekaa juu ya kobalti. Watu wakaanza kuchimba ndani ya malupango, hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta, ikapewa kampuni moja, na familia mamia zikahamishwa. Likasi nayo imezungukwa na migodi ya zamani na mipya. Anayenunua lupango pembeni ya mji afazali aulize kwanza kama pale si ndani ya carré ya mugodi. Kuuliza ni bei ndogo kuliko kuhama.

Na motokari? Yenyewe imebadilika maana. Zamani ilikuwa alama ya cheo: mukubwa alijulikana kwa gari yake. Siku hizi gari za zamani kutoka Japani zinafika kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia, usukani uko kuume katika inchi ambamo tunapita kuume, na hakuna anayeshangaa tena. Dekreti ya mwaka 2012 ilitaka kuzuia gari zilizopita miaka 10, lakini barabara inaonyesha wazi kwamba soko lina sheria yake. Kwa hiyo gari haisemi tena kwamba mtu ametajirika. Inasema tu kwamba alipata feza siku fulani.

Siku gari inavuka Kasumbalesa ndiyo siku ya bei yake kubwa. Kutoka hapo inashuka. Vinyeti, asiransi, peaji ya njia ya Lubumbashi, mafuta ambayo bei yake mtu hawezi kuibishania, garaji, poliyo. Ongeza vumbi, na ile misururu ya malori ya shaba na kobalti inayopita kwenye barabara ya taifa namba 1, ambapo gari ndogo haina haki yoyote mbele ya lori la tani 40. Mfanyakazi wa mugodi ambaye basi ya kampuni inamchukua asubuhi na kumrudisha usiku ananunua gari ili ilale siku 6 na kuamka siku ya yenga, kwenda misa.

Lakini kuna gari na gari. Mama anayeleta makala na mahindi kutoka pori za Kambove, na kila safari anakodi, hesabu yake si sawa na ya kijana anayetaka kuonekana. Kwake gari ni jembe. Ikilipa mafuta yake, matengenezo yake, na ikabakiza feza ya kununua nyingine siku itakapokufa, ni kazi nzuri. Kosa la wenye taxi wa mwaka 2003 halikuwa kununua gari. Walikula kila kitu gari ilichozaa, hawakuweka pembeni feza ya moteri.

Wale wanaosema kupangisha kunatosha wako na sheria upande wao, kwa karatasi. Sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 juu ya nyumba za kukaa inasema garanti isipite miezi 3. Mara nyingi mwenye nyumba anaomba zaidi, na lokatere analipa kwa sababu nyuma yake kuna mwingine anayengojea. Kwa kijana asiye na watoto, anayefuata kazi, kupangisha kunaeleweka. Shida ni siku kontra inakwisha. Kontra inakwisha, kodi haikwishi. Na katika inchi ambamo wachache sana wanaona pansioni ya kuwatosha, mtu wa miaka 60 anayepangisha ni mtu anayengojea watoto wake wamlipie.

Kwa hiyo lupango ingali na maana, na kwa mtu wa kontra fupi pengine kuliko kwa wazazi wake waliokaa kambini. Lakini ni lupango yenye karatasi, na yenye familia iliyopatana. Hilo la pili watu wanalipita haraka. Baba akikufa, ndugu zake wanafika na masanduku yao kabla ya siku 40. Kodi ya familia ya mwaka 1987, ambayo ilirekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu ya mali, wale wa ndoa na wale wa inje ambao baba aliwatambua akiwa muzima. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na bwana yake. Hakuna baba mdogo anayeweza kuiuza peke yake, hata kama ndiye aliyeleta mchanga wa kwanza.

Ila haki hiyo inahitaji ndoa iliyoandikwa ofisini. Wako wanawake wengi Kikula walioolewa kwa mahari na kwa misa, na jina lao haliko popote kwenye kitabu cha komine. Walijenga pamoja na bwana, waliuza mandazi kulipa mabati, na siku ya kilio wanaitwa "ule mwanamuke alikuwa anaishi naye".

Kijana wa kontra ya miezi 6, kama atasikia mama yake na kwenda kutafuta lupango, atapelekwa na komisioneri kwenye lango fulani na kuambiwa bei ni nzuri, lakini alipe leo. Hapo hapo atazame uwanjani. Kama kuna mama anaosha masahani, na yule anayeuza si bwana yake wala si mtoto wake, amuulize huyo mama kwanza, mbele ya kutoa franka hata moja.