Kosa ni la Nani? Kiswahili katika Afisi za Uhusiano Mwema

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi sijaishi sana, lakini majuma kumi na mawili ya mafunzo ya nyanjani niliyoyapitia katika afisi ya uhusiano mwema ya kampuni moja ya huduma za kifedha jijini Nairobi yalinifunulia mambo ambayo mihadhara ya miaka mitatu haikuwa imenifunulia. Kampuni yenyewe sitaitaja. Haikuwa mbaya kuliko nyingine za aina yake, na wenyeji wangu walinikirimu. Ninalokusudia katika makala haya ni kuonyesha mahali ambapo Kiswahili kimewekwa katika afisi hizo, na kuuliza sisi tunaokisomea tumefanya nini kukiondoa hapo.

Nilipowaeleza wenzangu kwamba nimepata nafasi hiyo, wengi walicheka. Mwanafunzi wa Kiswahili, walisema, huenda kufundisha au kusoma habari redioni. Uhusiano mwema ni wa watu wa Kiingereza. Hata afisa aliyenipokea aliisoma barua yangu ya utambulisho mara mbili kabla ya kuniuliza kama sikupotea njia. Hatimaye niliketishwa pamoja na vijana wawili walioshughulikia kurasa za kampuni katika mitandao ya kijamii. Kila asubuhi tulisoma yale ambayo wateja walikuwa wameandika usiku kucha katika Facebook na katika X, mtandao uliojulikana kama Twitter hadi mwaka 2023. Tulitenga malalamiko, maswali na pongezi. Tukayapeleka malalamiko kwa idara zilizohusika. Kisha tukawajibu wateja mmoja mmoja. Ijumaa tulimwandalia mkuu wetu ripoti ya juma zima. Ni kazi inayoonekana nyepesi kwa mtu anayeitazama kutoka nje, ila ukweli ni kwamba hasira yote ya wateja hupitia katika meza hiyo kabla ya kufika kwingine.

Jambo la kwanza nililoligundua ni hili. Wateja wengi waliandika kwa Kiswahili, ama safi ama kilichochanganywa na Sheng na Kiingereza. Majibu yetu, hata hivyo, yalikuwa ya Kiingereza. Yalikuwa yameandikwa zamani, yakaidhinishwa na wanasheria, yakahifadhiwa katika tarakilishi yakisubiri kunakiliwa. Taarifa mpya ilipohitajika, iliandikwa kwa Kiingereza, ikapanda kwa mkuu wa idara, ikaenda kwa wanasheria, ikarudi na masahihisho, ikapanda tena. Ilipokuwa imekwisha kupikwa na kupakuliwa, ndipo nilipoitwa mimi. "Kijana, tutafsirie hii, inatoka baada ya dakika kumi." Kwa muda wote huo hakuna aliyekuwa ameuliza kama taarifa yenyewe itasemeka kwa Kiswahili.

Mwishoni mwa mwezi mmoja mtambo wa kampuni ulipata hitilafu, na wateja kadhaa wakakatwa pesa mara mbili kwa malipo yale yale. Ilikuwa Ijumaa jioni, wakati ambapo kodi za nyumba na za vibanda zinangojewa. Malalamiko yalimiminika. Taarifa ya Kiingereza ilipita katika ngazi zake, ikanifikia, nikaitafsiri kwa uaminifu wote niliofunzwa. Sentensi yake ya mwisho ilisema: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliosababishwa." Niliipitia sarufi yake, nikaona upatanisho wa kisarufi umekaa sawa, nikaridhika.

Dakika chache baadaye mama mboga mmoja, aliyekuwa amekatwa shilingi 1,450 mara mbili, akajibu: "Umesababishwa na nani jameni? Ni mimi nimejikata?"

Msomaji mpendwa, swali hilo lilinifunza zaidi ya muhula mzima wa nadharia. Kitenzi nilichokitumia kilikuwa katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hakutajwa. Katika Kiingereza cha afisini jambo hilo limezoeleka hata halimshtui mtu. Ni adabu iliyokauka. Lakini katika Kiswahili anayeomba radhi husimama mbele ya aliyemkosea na kusema "nimekosa" au "tumekosa". Kiambishi cha nafsi hutangulia, na aliyekosewa humsikia aliyekosa. Radhi isiyo na mkosaji haimfikii mkosewa. Isitoshe, neno "wowote" lilimwambia mama yule kwamba hatujui amesumbuka vipi, ilhali alikuwa ametuandikia kinagaubaga, akataja hata senti. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi kisarufi na kosa kimawasiliano.

Nilimwomba mkuu wangu ruhusa ya kuandika upya, si kutafsiri. Niliandika hivi: "Ndugu mteja, leo jioni mtambo wetu ulikata pesa zako mara mbili. Kosa ni letu. Pesa zako zitarudi kabla ya kesho saa sita mchana. Zisiporudi, tuandikie hapa hapa." Mkuu aliyasoma, akatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akayapeleka kwa wanasheria. Yaliporudi, maneno "Kosa ni letu" yalikuwa yamefutwa. Walihofia kwamba kukiri hadharani kungeweza kutumiwa dhidi ya kampuni mahakamani. Mengine yalibaki, nayo yakatumwa. Wateja walipoa kwa kiasi, kwa kuwa sasa walijua ni lini na wafanye nini. Mama mboga aliandika maneno mawili tu: "Sawa. Nangoja." Pesa zake zilirudi. Hata hivyo, nakiri kwamba yale maneno matatu yaliyofutwa hunisumbua mpaka leo, kwa maana ndiyo pekee aliyokuwa ameyauliza.

Huenda mtu akasema kwamba nimekuza kijambo kidogo cha afisi moja. Sidhani. Hebu tuyatazame majina ya huduma zinazotumiwa na Wakenya kila siku. M-Pesa ilianzishwa mwaka 2007, M-Shwari mwaka 2012, Fuliza mwaka 2019. Na aliyeishiwa na salio la simu hukimbilia Okoa Jahazi. Majina haya ni ya kupendeza. Shwari ni utulivu wa bahari. Jahazi ni chombo kinachookolewa kisizame. Kufuliza ni kuendelea bila kukatiza. Waliobuni majina hayo walielewa kwamba Mkenya huvutwa na lugha anayoiishi. Sasa jiulize: baada ya kuvutwa, mteja wa kampuni zetu kwa jumla husomeshwa masharti ya mkopo, riba na adhabu ya kuchelewa kwa lugha gani? Katika kampuni niliyofanyia mafunzo, matangazo yalikuwa ya Kiswahili kitamu, na masharti yalikuwa kurasa kadhaa za Kiingereza kizito ambacho hata sisi wa chuo kikuu tulikisoma kwa kurudia. Kiswahili kilimwita mteja, na Kiingereza kikamfunga.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na kama mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nazo kikamilifu. Habari ambayo mtu hawezi kuielewa haijamfikia, hata ikiwa imechapishwa kwa wino wa dhahabu. Kwa mintarafu hii, suala la lugha katika afisi za uhusiano mwema si pambo la wapenda fasihi. Linagusa mfuko wa mnyonge.

Kinaya kikubwa zaidi nilikishuhudia tarehe 7 Julai. Tangu UNESCO ilipoitenga siku hiyo mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kampuni nyingi zimekuwa zikiiadhimisha mitandaoni. Sisi nasi tulichapisha bango lenye methali, ngoma na mnazi. Nilishiriki kulitunga, na lilipendwa. Tarehe 8 Julai asubuhi mteja aliuliza kwa Kiswahili kwa nini amefungiwa akaunti. Akajibiwa kwa Kiingereza.

Hata hivyo, nisije nikawa nyani asiyeona kundule. Lawama hii ina sehemu yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Katika juma langu la kwanza niliombwa kumweleza mteja kwa nini huduma imekwama, nikaandika: "Kutokana na hitilafu za kimitambo zilizojitokeza pasi na kutarajiwa, utoaji wa huduma umeathirika kwa kiasi kikubwa." Mteja aliuliza: "Mnamaanisha imekwama?" Nilikuwa nimemwandikia kama ninayemwandikia mhadhiri. Tumefunzwa ngeli, fonolojia, uhakiki wa riwaya na arudhi za ushairi, na sisemi yapuuzwe. Bila ngeli nisingeiajiriwa hata kutafsiri. Lakini hatujafunzwa kuandika ujumbe wa maneno arubaini unaomwambia mtu aliyekasirika ukweli kwa heshima. Hatujafunzwa pia namna ya kumjibu aliyeandika kwa Sheng bila kumkejeli na bila kujifanya mwenzake wa mtaani. Nilichojifunza ni kwamba mteja wa Sheng haudhiki kujibiwa kwa Kiswahili sanifu kilicho chepesi. Hukerwa na Kiswahili cha kujikweza, na zaidi na Sheng ya kuigiza ya kampuni inayotaka kuonekana changa.

Wapo watakaodai kwamba kuandika kwa lugha mbili kunaongeza gharama na kuchelewesha taarifa. Nimekaa mezani hapo, na nadhani kinachochelewesha zaidi ni kutafsiri mwishoni. Taarifa inapoandikwa kwa lugha zote mbili tangu mwanzo, mwandishi wa Kiswahili huuliza mapema: nani amekosa, nini kitatendeka, lini? Maswali hayo huinufaisha hata nakala ya Kiingereza. Kuhusu wanasheria, hofu yao naielewa. Lakini kampuni inaweza kusema lililotokea na litakalofanywa pasipo kujificha nyuma ya kauli ya kutendwa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu za Kiswahili zianzishe kozi ya mawasiliano ya mashirika, ambamo mwanafunzi ataandika taarifa, tangazo, jibu la lalamiko na ombi la radhi, na kazi hiyo ipimwe kwa kumsomea mtu wa kawaida aone kama ameelewa. Pili, chama chetu kiwasaidie wanachama kutafuta nafasi za mafunzo katika afisi kama hizi, na wanaorudi watoe semina kwa wanaojiandaa kwenda. Tatu, kampuni zinazotupokea zituketishe mezani pale taarifa inapoanza kuandikwa, na walau zitupe nauli. Nilimaliza majuma yale nikiwa na deni la matatu na chakula cha mchana, na mtoto wa maskini mwenye kipawa kunishinda huenda asingemaliza.

Siku yangu ya mwisho afisini, mkuu wangu alitia sahihi daftari langu la mafunzo, akaniuliza nimejifunza nini. Nilimwambia nimejifunza kuuliza nani amekosa kabla ya kuandika "samahani". Alicheka. Kisha akafungua tarakilishi yake, akanionyesha rasimu ya taarifa ya juma lililofuata. Ilikuwa na safu mbili, Kiingereza upande wa kushoto na nafasi tupu upande wa kulia. Aliniambia atahitaji mtu wa kuijaza nafasi hiyo mapema.

Wanachama wenzangu, nafasi hiyo ni yetu. Tusipoijaza sisi, itajazwa na mtambo wa kutafsiri, na mama mboga ataendelea kuuliza.