Pumzi ya Mgonjwa na Chupa ya Maji

AFYA KATIKA JAMAA

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba mtu wa kwanza alipata uzima Muumba alipompulizia pumzi puani. Mwenye afya hupumua mchana na usiku bila kulifikiria neno hilo. Aliye na mapafu mabovu huzihesabu pumzi zake, kama maskini ahesabuvyo faranga zake kabla ya kwenda sokoni. Wagonjwa wa namna hii wako katikati yetu: wazee waliovuta vumbi la mawe miaka mingi migodini, watu waliopona kifua kikuu lakini mapafu yao yakabaki na makovu, akina mama waliopika katika moshi tangu utoto wao.

Tangu ugonjwa wa korona wa mwaka 2020, mashini za oksijeni zimejulikana zaidi kuliko zamani. Jamaa nyingine zimepata mashini ndogo ya kubebwa, ambayo pengine imenunuliwa kwa mchango wa ndugu wote, au imetumwa na mtoto anayekaa Ulaya. Juma hili twataka kusema juu ya kitu kimoja kinachoambatana na mashini hizo, ndicho chupa ya maji inayotia unyevu katika oksijeni. Wengi huiona kuwa kitu kidogo. Lakini ikitumika vibaya, yaweza kumdhuru yule yule tunayetaka kumpunguzia taabu.

Kwa nini oksijeni hukausha pua?

Katika hewa tunayovuta, ukiigawa katika sehemu 100, sehemu 78 ni nitrojeni na sehemu 21 ni oksijeni. Zinazobaki ni gesi nyingine. Mashini huivuta hewa ya chumbani na kuisukuma kwa nguvu katika punje za madini yaitwayo zeolaiti. Punje hizo huikamata nitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Basi gesi inayomfikia mgonjwa kwa kawaida ina oksijeni sehemu 90 hivi katika 100. Lakini punje hizo hukamata na unyevu wa hewa pia, kwa hiyo oksijeni hutoka ikiwa kavu kabisa.

Pua yetu imeumbwa vizuri kwa kazi yake. Ngozi yake ya ndani ina maji maji, na damu nyingi hupita chini yake; huipasha hewa joto na kuinyevusha kabla haijafika mapafuni. Oksijeni kavu ikipita hapo saa nyingi, pua yaweza kuchoka. Hukauka, hupasuka, hutoa damu kidogo. Koo huwasha, makohozi huwa mazito. Katika Katanga, wakati wa kiangazi, hewa yenyewe ni kavu na vumbi ni jingi, na taabu hiyo huongezeka.

Hatari iko hapa: mgonjwa aliyechoka na ukavu huuondoa mrija puani usiku, bila kumwambia mtu, nao watu wa nyumbani hudhani amelala vizuri. Kumbe amelala bila dawa yake. Ndiyo sababu hatuwezi kudharau malalamiko juu ya pua kavu. Mzee akilalamika, tumsikilize.

Je, kila mgonjwa ahitaji chupa?

Hapana. Waganga wanafundisha kwamba oksijeni ikipewa kidogo kidogo kwa mrija wa puani, chupa ya maji si lazima, kwa sababu pua yenyewe yaweza kuinyevusha. Wengi huweka mpaka wa litri 4 kwa dakika: ikizidi hapo, unyevu wahitajiwa. Chini ya hapo, chupa ni ya kumpa mgonjwa raha tu, kama pua yake yamsumbua. Mwenye kuamua ni mganga au muuguzi anayemtunza mgonjwa. Jirani aliyeona chupa hospitalini asituamulie.

Sasa tusikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi hukosea. Kuna namna mbili za kutoa oksijeni. Mashini kubwa ya kukaa chumbani hutoa oksijeni mfululizo, kama maji ya bomba lililofunguliwa. Mashini ndogo za kubebwa, karibu zote, hutoa oksijeni kwa mapigo: mgonjwa anapoanza kuvuta pumzi, mashini huhisi mvuto huo mdogo katika mrija, na mara hutoa pigo moja la oksijeni, kisha hunyamaza mpaka pumzi inayofuata. Hivyo huuhifadhi umeme wa betri yake.

Tukiweka chupa ya maji katikati ya mashini ya mapigo na pua ya mgonjwa, maji hayo huuzuia ule mvuto mdogo. Mashini haihisi tena pumzi, pigo la oksijeni hupotea au huchelewa. Jamaa hufurahi kwa kuwa wamemletea mzee unyevu, kumbe wamemnyima oksijeni. Basi kanuni ni hii: mashini inapotoa kwa mapigo, usiiwekee chupa. Ziko mashini chache za kubebwa zinazoweza kutoa mfululizo pia. Hizo zaweza kupokea chupa, ikiwa kitabu chake chasema hivyo, na kwa wakati zinapotoa mfululizo tu. Ukishindwa kusoma kitabu hicho, kwa kuwa kimeandikwa kwa lugha ngeni, kipeleke kwa masista wa hospitali au kwa muuguzi wa dispanseri, hawatakucheka.

Tena tujue kwamba mashini ya mapigo haikaushi pua sana. Pigo lake ni dogo, na sehemu kubwa ya kila pumzi ni hewa ya chumbani iliyopita puani kwa njia yake ya kawaida.

Maji ya namna gani?

Kwa wale ambao mganga amekubali watumie chupa, tunawapa mashauri haya. Akina mama wayabandike ukutani karibu na kitanda.

1. Yanayofaa zaidi ni maji yaliyotoneshwa, yale ya mvuke uliogeuka maji tena, yauzwayo katika maduka ya dawa. Yakikosekana, tumia maji safi yaliyochemshwa mpaka yatokote kwa nguvu, kisha yaliyopozwa katika chombo safi chenye kifuniko. Usiyatie yakiwa moto.

2. Jaza maji kati ya alama mbili zilizoandikwa katika chupa. Yakizidi, hupanda katika mrija na kumwingia mgonjwa puani. Yakipungua, hayafanyi kazi.

3. Badilisha maji kila siku. Usiongeze mapya juu ya yale ya jana. Mwaga yote, osha chupa kwa maji na sabuni, isuuze, iache ikauke, kisha ijaze. Mara moja kwa juma isafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa kipimo utakachoonyeshwa na muuguzi, na isuuzwe sana.

4. Funga kifuniko barabara. Mapovu yakionekana majini, oksijeni yapita. Yasipoonekana, tazama kama kifuniko kimelegea au mrija umekunjwa.

5. Chupa isimame wima, chini ya kichwa cha mgonjwa. Matone yakionekana ndani ya mrija, uondoe puani, uyamwage, kisha urudishe.

6. Usitie kitu kingine katika chupa: wala majani, wala mafuta yenye harufu, wala chumvi. Twasema kwa heshima: hata maji ya baraka yasitiwe humo. Mkristu hujitia ishara ya msalaba kwa maji hayo, wala Kanisa halikuyatoa yawe dawa ya mashini.

Kwa nini ukali wote huu? Maji yaliyolala ni makao ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mtu mwenye nguvu akivivuta pengine hapati neno. Lakini mapafu yaliyokwisha kuharibika hayana ulinzi, na vijidudu hivyo vyaweza kuleta ugonjwa mkali wa mapafu. Kwa hiyo chupa chafu ni mbaya kuliko kukosa chupa. Jamaa isiyoweza kubadilisha maji kila siku afadhali iiache kabisa.

Asiyetumia chupa afanye nini?

Mashini ikiwa ya mapigo, na pua ikauke, njia nyingine ziko. Mgonjwa anywe maji ya kutosha, isipokuwa mganga amemkataza kwa sababu ya moyo au figo. Aombe dispanserini matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua, au jeli iliyotengenezwa kwa maji. Asijipake vazelini wala mafuta ya mawese ndani ya pua: mafuta na oksijeni havipatani, kwa kuwa huwaka upesi, tena mafuta yakivutwa huteremka mapafuni. Kitambaa kibichi kikitundikwa chumbani huinyevusha hewa kidogo. Lakini kiwe mbali na mashini, isije ikavuta maji. Mashini yenyewe isisukumwe ukutani wala kufunikwa nguo, maana nayo yahitaji hewa.

Wala asiongeze mtu namba ya mashini kwa kuwa mzee aonekana amechoka. Oksijeni ni dawa, na dawa ina kipimo chake. Wako wagonjwa wa mapafu ambao oksijeni ikizidi huwaletea usingizi mzito wa hatari. Mgonjwa akihema kwa shida, midomo ikigeuka rangi, au akisinzia bila kuamka vizuri, apelekwe hospitalini mara moja.

Neno juu ya moto

Mwaka 1774 Mwingereza Joseph Priestley aliikusanya gesi hii, akaona kwamba mshumaa uliowekwa ndani yake uliwaka kwa nguvu ya ajabu. Aliyoyaona yeye katika chombo chake yaweza kutokea kitandani mwa mgonjwa. Oksijeni hujificha katika shuka, katika blanketi, katika ndevu, na cheche moja yatosha. Basi katika chumba hicho pasiwe na sigara, wala kibiriti, wala taa ya mafuta, wala mbabula ya makaa. Hata unyevu wa chupa hauzuii hatari hiyo.

Hapa tuna neno kwa wazazi wakristu hasa. Padri anapomletea mgonjwa Komunyo, desturi yetu njema ni kuwasha mshumaa karibu na kitanda. Mahali penye oksijeni, mshumaa uwashwe katika chumba kingine, au meza ipambwe kwa maua na msalaba tu. Mwambieni Padri mapema, naye ataelewa. Heshima ya Sakramenti haipungui kwa kuwa tumemlinda mgonjwa.

Kazi ya kila siku

Wasomaji wapendwa, jamaa nyingi hujinyima sana ili kununua mashini. Ndugu huchanga, watoto huacha matumizi yao, na siku inapofika nyumbani kuna furaha. Hayo ni mema. Lakini mashini hununuliwa mara moja, na maji hubadilishwa kila asubuhi. Siku ya kumi, siku ya hamsini, wageni wamekwisha kwenda zao, nani ataosha chupa? Mara nyingi kazi hiyo huachiwa mama peke yake, au binti mmoja anayepaswa kwenda shuleni.

Twawashauri baba na wana wakubwa wagawane zamu, na majina yao yaandikwe karibu na kitanda. Mwana asione haya kuosha chupa ya baba yake. Bwana wetu alifundisha kwamba tunalomtendea mgonjwa twamtendea Yeye, wala hakutenga kazi kubwa na ndogo. Mzee anayesikia kila asubuhi maji ya jana yakimwagwa na chupa ikisuuzwa hujua kwamba bado ni mtu wa nyumba hiyo. Naye anayejua hivyo hauondoi mrija usiku kwa siri.