Mkufu wa Meya na Mnyororo wa Behewa



Jioni tukirudi nyumbani Mukuru kwa Reuben twasikia wengine wakisema: "Jiji limekosa heshima tangu meya aondoke. Zamani alivaa joho na mkufu wa dhahabu, hata mgeni akajua mwenye mji ni nani." Sisi watu wa reli twataka kuyajibu maneno hayo.

Mkufu ule ni desturi ya Uingereza. Katika karne ya 19 miji mingi ya huko ilinunua mikufu ya namna hiyo ili meya wake aonekane mkubwa. Wakoloni wakaja na desturi hiyo hapa, katika mji ulioota kando ya reli tangu reli ilipofika mwaka 1899. Tarehe 30 Machi 1950 Duke wa Gloucester akaleta Hati ya Mfalme, na Nairobi ikawa jiji.

Si wote walioshangilia. Shirikisho la vyama vya wafanya kazi, chini ya Makhan Singh na Fred Kubai, liliwaambia watu wasiende kwenye sherehe, kwa sababu Nairobi zilikuwa mbili, ya matajiri na ya maskini, na ile ya maskini haikupewa kitu. Tarehe 15 Mei wote wawili wakakamatwa. Kesho yake wafanya kazi wakagoma. Walitaka viongozi wao waachiliwe, na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh alikaa kizuizini mpaka 1961.

Mwaka 1962 Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika. Wazee wetu walifurahi, wala hawakukosea. Lakini shingo ilibadilika, desturi ikabaki ile ile. Mwaka 1983 Serikali ililiondoa baraza kwa sababu ya usimamizi mbaya, ikaweka tume mpaka 1992. Je, dhahabu ilizuia nini?

Sisi tunaijua minyororo. Mnyororo wa kufungia mabehewa hupimwa kwa uzito unaovuta. Pete moja ikiwa mbovu, mabehewa yakatika mlimani na watu wafa. Hakuna fundi anayeuliza kama unang'aa. Basi mkufu wa meya ulivuta behewa gani?

Tulifundishwa misheni habari za Yusufu. Farao alimvika mkufu wa dhahabu shingoni, lakini Yusufu hakukaa akitazamwa. Alizunguka Misri yote akiweka akiba ya nafaka, na njaa ilipokuja watu wakala. Mkufu wa namna hiyo hatuupingi.

Mwaka 2013 umeya ulikwisha, akaja gavana. Mkufu umekwenda, fahari haikwenda. Imehamia kwenye msafara wa magari. Na sisi je? Ardhi hii ya Mukuru iligawiwa watu binafsi zamani ili wajenge viwanda, na wengi hawakujenga. Agosti 2017 Mukuru ilitangazwa kuwa eneo la mpango maalum. Barabara zimejengwa, twashukuru. Lakini hati ya ardhi hatuna, na maji tungali twayanunua kwa mtungi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kwa hiyo, ndugu, tusililie mkufu. Heshima ya jiji haikai shingoni mwa mtu mmoja. Imo katika bomba lenye maji, choo safi, na mshahara unaolipwa siku yake. Katiba ya 2010 yatupa haki ya kusema kabla kaunti haijapitisha matumizi ya fedha. Mkutano ukiitwa, twende wote, na baada ya kazi tusikimbilie kulala. Tuulize mbele ya watu: fedha ngapi, za kazi gani, zitakwisha lini? Jibu likiandikwa, tulishike, na mwaka ujao turudi nalo.

Mnyororo wa kweli ni sisi wenyewe tukishikana. Pete moja isikatike.

Umoja ni nguvu.