Umeme wa Jikoni Achague Mpishi



Unatengeneza upya jiko lako. Umeuza mwani, au kijana wako ameleta fedha kutoka mjini. Saruji ipo, bati lipo. Fundi umeme anakuja kesho. Je, umemwuliza mpishi taa ikae wapi?

Mara nyingi hatuulizi. Mwenye nyumba na fundi husimama mlangoni, wakaonyesha kwa kidole, kazi ikaisha. Sebuleni zinatiwa taa za mapambo. Jikoni inaning'inizwa globu moja katikati, kwa waya uliobaki. Mimi naona tunakosea. Sebuleni watu wanazungumza tu. Jikoni kuna kisu, mafuta ya moto, maji na watoto.

Itazame globu hiyo ya katikati. Mama anaposimama mezani kukata vitunguu, taa iko nyuma yake. Kivuli chake kinaangukia kisu. Akichagua mchele haoni mawe. Taa iwe mbele yake, juu ya mahali pa kukatia, na nyingine iwe karibu na meko. Usiogope gharama ya taa mbili. Globu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga kama globu ya zamani ya wati 60. Mbili pamoja hazifiki hata theluthi ya umeme uliotumiwa na ile moja ya zamani.

Sasa tuje kwenye waya, maana hapa ndipo penye kifo.

Umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Unaua. Ngozi iliyolowa inaupitisha kwa urahisi kuliko ngozi kavu. Na jikoni mikono imelowa, sakafu imelowa, na viatu tumevua. Tazama plagi ya miguu mitatu. Ule mguu mrefu ni wa waya wa ardhi. Umeme ukivuja katika friji, waya huo unaupeleka ardhini usipite mwilini mwa mtu. Wapo mafundi wasioufunga, ili kupunguza gharama. Na sisi wenyewe tunachomeka kijiti katika tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie. Mtoto anatuona. Kesho ataingiza msumari.

Nyumbani kwangu friji lilimpiga mama watoto. Alikuwa anaosha mchele, akaligusa kwa mkono wa maji. Alitupwa hadi mlangoni. Tulipofungua soketi, waya wa ardhi haukufungwa popote. Rangi ya ukuta niliichagua siku mbili nzima. Habari ya waya sikuuliza.

Basi wewe uliza. Mwambie fundi akuonyeshe waya wa ardhi kabla hajafunika soketi. Mwambie pia aweke kile kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja. Hukaa karibu na swichi kuu, na kina kitufe cha kukijaribu. Kibonyeze mara kwa mara. Kisipokata umeme, kibadilishwe.

Mtu aliyesimama kwenye karo asiweze kuifikia soketi kwa mkono. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na vijijini pia tunazo nyumba za mawe na chokaa. Kuta hizo hunyonya maji, na upepo wa bahari una chumvi inayokula vyuma. Kwa hiyo waya upite ndani ya bomba la plastiki, na soketi isikae chini ya dirisha linaloingiza mvua.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu. Ikiwa huwezi kuifikia, simama pakavu, umsukume kwa ubao mkavu. Kisha mpeleke kituo cha afya hata akisema hajambo, kwa sababu umeme unaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Na umeme ukikatika? Umeme wetu hutoka Bara kwa kebo ya chini ya bahari. Mwaka 2008 tulikaa gizani kama mwezi mmoja. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 tulikaa karibu miezi mitatu. Tusirudi kwenye kibatari. Moshi wake unaumiza kifua, na mafuta ya taa yakiwekwa katika chupa ya soda mtoto huyanywa. Nunua taa ya jua. Huko Kinyasini, Chuo cha Barefoot kimewafundisha kina mama wa vijijini kuzifunga na kuzitengeneza taa hizo.

Nyumbani kwangu tuliirudia kazi yote. Usiku wa kuamkia siku ya fundi, mama watoto alishika tochi, akasimama mahali pa kukatia, akaihamisha huku na huko mpaka kivuli kikaondoka. Asubuhi fundi alikuta alama tatu za mkaa ukutani. Mbili za taa, moja ya soketi.