Tuambiwe kilichomo ndani ya manukato ya cheri

Mwaka jana mpwa wangu mwenye umri wa miaka 19 alinunua kichupa cha manukato katika duka moja jijini Nairobi. Muuzaji aliyamimina kutoka kwa chupa kubwa, akamwambia kuwa ni ya "cheri nyeusi". Baada ya wiki mbili shingo yake ilikuwa imefura na kujaa vipele vya kuwasha. Daktari alipomuuliza manukato hayo yalikuwa na nini ndani yake, binti huyo alijibu kwa unyofu: "Ni cheri, daktari."

Jibu hilo halikumsaidia daktari hata kidogo. Ukweli ni kwamba manukato ya cheri aghalabu hayana cheri.

Tunda la cheri halitoi mafuta ya kutosha ya kutengenezea manukato, kama yatokavyo kwenye mawaridi au ganda la chungwa. Kwa hivyo mtengenezaji huijenga harufu hiyo kwa kuchanganya kemikali mbalimbali. Iliyo kuu miongoni mwazo huitwa benzaldehidi, na ndiyo hiyo hiyo iipayo lozi chungu harufu yake. Siku hizi nyingi hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli. Ili cheri iwe "nyeusi", yaani nzito na yenye kukumbusha pombe tamu, huongezwa harufu za vanila, plamu na viungo. Kampuni ya Tom Ford ilipotoa manukato yake yaitwayo Lost Cherry mwaka 2018, harufu hii ilipata umaarufu mkubwa, na waigaji wakafuata.

Wasomaji wengi wataikumbuka harufu hiyo kutokana na dawa ya kikohozi ya watoto. Hilo halikutokea kwa bahati. Huko Marekani, gome la mcheri mweusi wa mwituni lilitumiwa kutengenezea dawa ya kikohozi tangu zamani, na ladha ya cheri ikabakia hata gome lilipoachwa. Hata sisi tuna ndugu wa mti huo. Ni muiri, unaomea katika misitu ya Mlima Kenya na Kakamega, na ambao gome lake hutumiwa kutengenezea dawa za tezi ya kibofu kwa wanaume. Ukilipondaponda gome hilo bichi utasikia harufu ya lozi chungu.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya tatizo hili ni kurudia vitu vya asili. Sikubaliani nao. Kokwa la cheri lina kitu kinachotoa benzaldehidi pamoja na sumu ya sianidi linapopondwa. Mafuta ya lozi chungu, ambayo ni ya asili kabisa, huwa na sumu hiyo mpaka iondolewe. Benzaldehidi ya kiwandani haina sianidi. Isitoshe, hata asumini na waridi huweza kumletea mtu mzio. Ngozi haijali kama kitu kimetoka shambani au kiwandani.

Kinachojalisha ni kujua. Chupa moja ya manukato huweza kuwa na kemikali kadhaa, hata zaidi ya mia moja, na mtu mwenye mzio huenda akadhuriwa na moja tu. Akiijua, ataiepuka maisha yake yote. Asipoijua, atabadilisha sabuni, mafuta na dawa ya nywele bila kupata nafuu, kwa maana kemikali hiyo huenda imo katika vyote hivyo. Mzio wa ngozi ukishaingia mwilini kwa kawaida hauondoki.

Nchi za Muungano wa Ulaya zililitambua jambo hili mapema. Tangu mwaka 2005, watengenezaji huko wamelazimika kuandika kwenye lebo vitu 26 vinavyojulikana kuleta mzio, iwapo vimezidi kiwango fulani. Sheria ya mwaka 2023 iliongeza idadi hiyo hadi zaidi ya 80, benzaldehidi ikiwemo, na kuweka Julai 2026 kuwa mwanzo wa utekelezaji kwa bidhaa mpya.

Wafanyabiashara watasema kwamba kuandika yote hayo ni kutoa siri zao kwa washindani. Hoja hiyo haina uzito. Hakuna anayeomba vipimo vya mchanganyiko. Tunaomba majina tu ya vitu vinavyoweza kutudhuru.

Kwa maoni yangu, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lapaswa kuyaangalia kwa makini manukato yanayomiminwa madukani na kuuzwa katika vichupa visivyo na lebo. Muuzaji asiyeweza kuonyesha orodha ya vilivyomo asiruhusiwe kuuza.

Wakati tukingojea hayo, ningependa kuwahimiza wasomaji wachukue tahadhari. Kabla ya kutumia manukato mapya, yapake kidogo ndani ya kiwiko kila siku kwa muda wa wiki moja, na uyaache mara moja ukiona wekundu au ukisikia mwasho. Usiyapake penye kidonda au palipotoka kunyolewa. Iwapo kuna mwenye pumu nyumbani, usiyapulize karibu naye.

Zaidi ya yote, yawekeni mbali na watoto. Manukato mengi ni pombe kali, na mtoto hawezi kutofautisha harufu ya cheri na ya peremende. Pombe hiyo yaweza kushusha sukari mwilini mwa mtoto mdogo hadi kiwango cha hatari. Akiyanywa, mpeleke hospitalini upesi, na uibebe chupa.

Mpwa wangu alipona baada ya kutibiwa kwa mafuta ya kupaka, lakini hadi leo hajui ni kitu gani kilichomdhuru. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi tuna haki ya kuelezwa vimeundwa kwa vitu gani.