Gari la Moshi la Kisumu Liende Kila Siku

Wengi wakitaja Kisumu hukumbuka ziwa na samaki. Mimi hukumbuka stesheni. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Desemba 1901, pakaitwa Port Florence, kwa jina la mkewe Ronald Preston, mhandisi wa reli hiyo. Mizigo ya Uganda ilishushwa pale ikapakiwa melini, na mji wa leo ukakua kandokando.

Nyanya yangu alipanda daraja la tatu na magunia yake ya omena, usiku kucha hadi Nairobi. Harufu je? Aa, nani angelalamika na kila mtu ana gunia lake!

Baadaye abiria walikatiziwa huduma miaka mingi. Treni iliporudi Desemba 2021, kumbe ni safari moja tu kwa juma: kuja Ijumaa, kurudi Jumapili. Sasa mwanafunzi wa bweni anayefungua shule Jumanne afanyeje? Apande matatu, na nauli siku hiyo imeruka maradufu.

Naonelea iende kila usiku, hata kwa mabehewa matatu. Na la mizigo lisikosekane, maana nyanya bado ana magunia.