Kibu hafungi? Tuhesabu vizuri kwanza

Pale stendi ya Mwandiga, barabara ya Manyovu inapoachana na ile ya Kasulu, bodaboda wana kesi moja isiyokwisha. Abiria wakiadimika tu, kesi inafunguliwa: Kibu Denis ni straika au si straika?

Tangu Simba ilipopoteza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mbele ya RS Berkane, kesi hiyo imepamba moto. Mnyama alilala 2-0 kule Morocco, akalazimishwa sare ya 1-1 Zanzibar Mei 25, 2025, kombe likaenda. Kila mwenye simu ana orodha yake ya wachezaji wa kuachwa. Jina la Kibu halikosekani.

Hoja ya wanaotaka aondoke ni fupi na inaeleweka. Mshambuliaji kazi yake ni kufunga, na huyu hafungi. Msimu wake wa kwanza Msimbazi, 2021/22, alicheka na nyavu mara nane kwenye ligi. Baada ya hapo mabao ya ligi yakawa adimu kama mgebuka wakati wa mbalamwezi. Mpaka hapo sina ubishi.

Lakini tusiishie kuhesabu, tuangalie na mabao yenyewe yalifungwa wapi.

Aprili 16, 2023, Simba iliifunga Yanga 2-0. Inonga alifungua, Kibu akamaliza kazi dakika ya 32. Oktoba 20 mwaka huo, Al Ahly walikuja kwa Mkapa kufungua African Football League wakatangulia kufunga. Aliyesawazisha ni Kibu, mechi ikaisha 2-2. Novemba 5 ikaja ile siku ambayo wana Simba hawapendi kukumbushwa, Yanga 5-1. Hilo moja la Simba nani alifunga? Kibu. Septemba 2024, Al Ahli Tripoli walipochapwa 3-1 Dar es Salaam, bao la kwanza la Simba lilikuwa lake.

Halafu Desemba 15, 2024. Simba na CS Sfaxien, kwa Mkapa. Wageni wanatangulia, Kibu anasawazisha mapema. Mechi inakwenda hivyo hivyo mpaka dakika za nyongeza, watu wameshaanza kutafuta daladala, Kibu anaweka la pili. 2-1.

Hapa ndipo naomba wenzangu wa stendi watoe kalamu. Simba ilimaliza kinara wa kundi ikiwa na pointi 13, Constantine wakafuata na 12. Mechi ya Sfaxien ingeisha 1-1, Simba ingekuwa na 11 na Constantine ndio wangeongoza. Kuongoza kundi maana yake ni kumalizia nyumbani robo fainali. Na tunakumbuka robo fainali ilivyokuwa: Al Masry walishinda 2-0 kwao Misri, Simba ikarudisha mbili kwa Mkapa mbele ya watu wake, ikapita kwa penalti. Je, mechi ya pili ingekuwa Misri? Kila mtu ajijibu mwenyewe. Ninachosema ni kwamba njia ya fainali hiyo hiyo anayolaumiwa nayo Kibu, yeye ni mmoja wa waliofyeka majani yake.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwenye jedwali la wafungaji. Tangu afike Simba amepita mikononi mwa Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Mgunda, Robertinho, Benchikha na Fadlu Davids. Hao ni watu wa falsafa tofauti kabisa, wengine hawakukaa hata nusu mwaka. Wote walimpanga. Makocha wote hao hawawezi kuwa vipofu kwa pamoja. Wanachokiona ni mtu anayekaba kuanzia kwa beki wa wapinzani, anayerudi kumsaidia beki wake wa pembeni, na anayegongana na mabeki dakika 90 mpaka mwenzake apate nafasi. Jina la 'Mkandaji' halikuokotwa barabarani.

Simtetei kwa kila kitu. Julai 2024 alikuwa na mkataba na Simba, akaonekana Norway, kwenye klabu ya Kristiansund, wakati wenzake wako kambini Misri. Lile lilikuwa kosa. Mchezaji mwenye mkataba anaondoka kwa mlango wa mbele. Na ndani ya boksi bado anahitaji utulivu: kuna nafasi anazopata akiwa peke yake na kipa, anapiga kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Hilo ni la mazoezi, na akiwa na miaka ishirini na kitu muda wa kulirekebisha upo.

Lakini sisi wa Kigoma tuna sababu nyingine ya kumtazama tofauti. Familia yake ilitoka Congo, ng'ambo ya ziwa, na maisha yake ya utotoni yalikuwa ya ukimbizi mkoani kwetu. Alipong'ara Mbeya City na kutajwa kwa ajili ya Taifa Stars, ndipo suala la uraia lilipoibuka. Serikali ikampa uraia mwaka huo huo, 2021, mwaka alioingia Simba.

Fikiria kama Mbeya City wasingemwona. Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Kuna vijana waliozaliwa humo ambao leo ni watu wazima, na mpira wanapiga kila jioni. Kwa sheria ya mwaka 1998, mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Skauti gani atamwona?

Januari 2025 nchi nzima ilibishana baada ya wachezaji watatu wa Singida Black Stars, Keyekeh, Bada na Camara, kupewa uraia. Wale walikuja hapa wakiwa tayari wachezaji wa kulipwa. Kama mlango huo upo kwa aliyefika na ndege, usifungwe kwa aliyekulia hapa, anayeongea Kiswahili cha hapa, aliyejifunza mpira kwenye vumbi la hapa.

Sisemi kila kijana wa kambini apewe uraia kwa sababu anajua kupiga danadana. Nasema kitu kidogo zaidi: TFF na chama cha soka cha mkoa wakae na wanaosimamia kambi, kuwe na mashindano ya vijana ambayo skauti wanaruhusiwa kuingia, na kijana akipata timu kuwe na utaratibu wa kibali unaoeleweka. Kigoma sasa ina Mashujaa kwenye Ligi Kuu tangu 2023, inayocheza pale Lake Tanganyika. Kijana wa kwetu hahitaji tena kufika Mbeya ndipo aonekane.

Kwa Simba, ushauri wangu ni mwepesi. Tafuteni mfungaji wa mabao ishirini, mnamhitaji kweli. Mkishampata, mtahitaji mtu wa kumkabia na kumchimbia njia. Huyo mnaye tayari, msimwache.

Na wewe bodaboda wangu wa Mwandiga, ukinipeleka mjini kesho usinianzishie tena "Kibu hafungi". Nitajie kwanza nani alifunga dhidi ya Sfaxien.